Kichuguu Nyuma ya Gereji

Majibu ya Mkemia Mkuu yalifika Sumbawanga siku ya Jumatano kwa basi la Mbeya, ndani ya bahasha ya kaki iliyolowa pembe moja. Sajenti Redempta aliyasoma akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya upelelezi, kisha akaketi na kuyasoma upya. Damu ya Marselino, mwenye gereji ya barabara ya Matai, ilikuwa imejaa madini ya risasi, yale yanayotengenezewa sahani za betri za magari. Hayakuingia kwa siku moja. Mkemia aliandika kwamba mgonjwa alikuwa ameyala kidogo kidogo, kwa muda usiopungua mwezi mmoja na nusu kabla damu haijachukuliwa.

"Kazi imekwisha," alisema Koplo Calvin huku akipuliza chai yake. "Sumu imeonekana, na aliyeahidi sumu tunaye ndani. Watu hamsini walimsikia pale mnadani. 'Marselino atakula alichowalisha ng'ombe wangu.' Afande, kama siye huyo, basi mimi ni paroko."

Aliyekuwa ndani ni Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni, karibu na Mtowisa. Kiangazi cha mwaka uliopita alipandisha ng'ombe kuja kuwauza, akawapumzisha nyuma ya gereji ya Marselino. Kumi na mmoja walikufa ndani ya wiki mbili, wakizunguka kama vipofu na kusaga meno. Sasa Masanja alikuwa ametimiza siku tisa mahabusu, na mkuu wa upelelezi alitaka afikishwe mahakamani Jumatatu kwa kosa la kujaribu kuua. Kosa hilo linaweza kumweka mtu gerezani maisha yake yote.

"Mtoe," alisema Redempta. "Nataka kumsikia mwenyewe."

Masanja alitoka akiwa amejifunga shuka begani, mtu mrefu ambaye ilimbidi ainame mlangoni.

"Umelalaje, baba?"

"Nimelala mlivyonilaza, afande."

"Ulisema Marselino atakula alichowalisha ng'ombe wako."

"Nilisema. Na leo nasema tena, andika."

Calvin aliinua kalamu kwa furaha.

"Ulimlisha nini?" aliuliza Redempta.

"Mimi ni Msukuma, afande. Nikikuchukia utaniona nakuja, mchana, na fimbo mkononi. Mtu wa kulisha mwenzake sumu hatangazi mnadani kama anauza dume." Alimtazama Calvin. "Na huyu kijana anaandika haraka sana, atachoka kabla sijafika penye maana. Tangu Krismasi sikupanda huku. Kibali changu cha mifugo kina mhuri wa Mtowisa kila mwezi. Nimepanda Pasaka, mkanikamata Jumatatu yake."

Redempta alifungua jalada. Kibali kilikuwemo, na mihuri ilikuwemo. Hakuna aliyejisumbua kuihesabu.

"Ng'ombe wako walikunywa nini pale gereji?"

"Hawakunywa. Walilamba. Kuna udongo pale nyuma, waliulamba kama magadi. Niliwapiga mpaka fimbo ikavunjika, hawakutoka." Masanja alivuta shuka lake begani. "Nikamwendea Marselino. Sikumwomba ng'ombe, ng'ombe nitazalisha wengine. Nilitaka aseme neno moja tu, kwamba udongo wake umeua mifugo yangu. Alicheka mbele ya mafundi wake. Akaniambia nikatambike."

"Na bado unalitaka neno hilo?"

"Nitalitaka mpaka nife. Nirudishe ndani, afande. Huko angalau hakuna anayecheka."

* * *

Daktari wa wodi ya wanaume aliwapokea ukumbini, akiwa na karatasi ya mgonjwa mkononi.

"Mkemia amenijibu nusu ya swali," alisema. "Mtu akila madini ya risasi kazini kwake, ukimtoa kazini anaanza kupata nafuu. Huyu nimemlaza wiki tatu. Hajashika betri wala nati. Juzi Jumapili amepata degedege kama mtoto mchanga. Sajenti, huyu bado anakula."

Redempta aliandika katika daftari lake mistari miwili. Masanja yuko ndani siku tisa. Mgonjwa bado anakula.

Marselino alikuwa kitanda cha dirishani. Alikuwa mtu mnene, na ngozi ya unene huo ilikuwa imebaki ikining'inia kama koti la kuazima. Viganja vyake vyote viwili vililegea kutoka kwenye vifundo, na alipofungua mdomo, mstari wa bluu ulionekana kwenye ufizi, mwembamba, kama umechorwa kwa kalamu.

"Yule Msukuma mmeshamfunga?"

"Yuko ndani."

"Mnasubiri nini, afe kwa uzee?"

"Bwana Marselino, chakula chako kinatoka wapi?"

"Chakula gani kwa tumbo hili! Nakunywa uji tu. Uji wa ulezi, tangu mwaka juzi nilipokatazwa chai kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Mama Coleta, mpishi wa pale kazini, anaupika asubuhi, na fundi Basil anaipitisha chupa kwa mlinzi wa getini. Mke wangu yuko Namanyere, alishaniachia magari yangu. Asingekuwa yule mama ningekuwa nimeshaoza."

"Basil haingii kukuona?"

"Basil!" Marselino alijaribu kuinua mkono, mkono ukakataa. "Mwandike huyo naye. Anafikiri mke wake alikufa kwa ajili yangu."

"Alikufa kwa nini?"

"Uzazi. Wanawake wanakufa kwa uzazi, Sajenti. Mimi ni mkunga?"

Walipokuwa wakishuka ngazi Calvin alikuwa ameshabadilisha mshtakiwa. "Basil ndiye fundi betri pale," alisema. "Anaiyeyusha risasi yenyewe. Ana kinyongo. Chupa inapita mikononi mwake. Afande, paroko anaomba radhi."

* * *

Gereji ya Marselino ilikuwa zamani bohari ya shirika moja la usafirishaji lililokufa. Mipaka ilipofunguliwa na kila mwenye nguvu akaruhusiwa kuleta gari lake, malori na mabasi yaliyokwisha kuchoka huko yalikotoka yakaanza kupanda Ufipa, na betri zake zilikuwa zimechoka kuliko yenyewe. Marselino alinunua ule uwanja na kuanza kuzifufua. Miaka minne ilikuwa imepita. Ardhi ya uwanja ilikuwa nyeusi kwa oili, imeshindiliwa ngumu kama sakafu, na mvua za Aprili zilizootesha majani hata juu ya mapaa ya nyasi hazikuotesha kitu pale.

Basil walimkuta amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Ndani ya sufuria nyeusi risasi iliyoyeyuka ilimeta kama maziwa yaliyoganda. Miguuni pake palikuwa na makopo matatu yamejaa majivu ya kijivu aliyokuwa akiyaengua kwa kijiko cha chuma.

"Majivu haya unayapeleka wapi?" aliuliza Redempta.

"Popote. Shimoni, njiani. Hayana kazi."

"Na chupa ya uji ya bosi wako?"

"Naiacha getini."

"Kwa nini huingii?"

Basil aliendelea kuengua. "Adela alitolewa wodi ya pale amefunikwa, Januari. Mimba ya miezi saba. Sikanyagi tena mle ndani, hata bosi afe."

"Ungependa afe?"

"Afande, mimi ni fundi betri. Nikipenda au nisipopenda, saa mbili lazima jiko liwe limewaka."

Calvin alimtazama Redempta kwa jicho la kusema, si unaona. Redempta hakumtazama. Alikuwa ameshapita nyuma ya banda, mahali Masanja alipopasema.

Kichuguu kilikuwa kirefu kuliko mtu, chekundu upande wa juu, na chini kilikuwa kimepakaa weupe mchafu kama chokaa. Mfereji kutoka bandani ulikomea kwenye shina lake. Upande wa mashariki, usawa wa mtu aliyeketi chini, palikuwa na mashimo mengi yaliyopangana kama vyumba vya nyuki.

"Panya," alisema Calvin.

"Wewe umeoa?"

"Bado, afande."

"Ndiyo maana unaona panya. Hapa walikaa wanawake wenye mimba. Unavunja ganda la juu, unaliacha, unachukua udongo wa ndani ulio laini. Unaukausha motoni, unakula kidogo kidogo kutwa nzima. Kichuguu hiki wanawake wa Sumbawanga wamekila kabla gereji haijajengwa. Mimi mwenyewe mimba yangu ya pili niliilea na udongo wa hapa, nikitembea nao kwenye mfuko wa gwanda."

Alipiga magoti. Karibu mashimo yote yalikuwa yamepigwa na mvua, kingo zake zimelainika, buibui amefuma ndani. Miezi mingi hakuna mtu aliyechimba. Lakini shimo moja la pembeni kingo zake zilikuwa kali, na ndani yake palionekana mikwaruzo ya kijiko. Mvua kubwa ya mwisho ilikuwa imenyesha Jumatatu usiku.

"Huyu amechimba jana au leo," alisema Redempta. "Na huyu si Basil."

"Kwa nini?"

"Mtu mwenye makopo matatu ya sumu miguuni pake haji kukwangua kichuguu kwa kijiko. Tena angekuja, angepiga sururu. Aliyechimba hapa ameacha ganda, amechukua moyo. Ni mwanamke. Na kama angekuwa mjamzito, wenzake wangekuwa wanakuja naye, maana udongo hauliwi kwa siri. Wenzake wote wameacha. Yeye amebaki peke yake."

Alimwita Basil. "Maji ya betri mnamwaga wapi?"

"Hapo hapo. Bosi alikataa yasitiririke barabarani, akasema kichuguu kitayanyonya."

"Adela alikuwa anachimba hapa?"

"Kila siku, akiniletea chakula. Alikuwa anasema udongo wa hapa siku hizi una utamu, haufanani na ule wa..." Basil aliutazama mfereji, akaufuata kwa macho mpaka shinani pa kichuguu. Hakumalizia.

Redempta alikuwa ameshatoa daftari. "Kuna mtu aliwahi kuupima udongo huu?"

"Bwana afya," alijibu Basil kwa sauti ya chini. "Mwaka jana. Alikuja na vikopo."

* * *

Bwana afya aliitwa Steven, kijana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni. Alhamisi asubuhi Redempta alipotaja kichuguu, Steven aliinuka na kufunga mlango wa ofisi yake kabla hajajibu neno. Kisha alivuta jalada kutoka chini kabisa ya rundo, akalifungua penyewe bila kutafuta.

Karatasi zilikuwa tatu. Ya kwanza ni majibu ya maabara, Aprili mwaka wa tisini na tatu. Udongo wa shinani pa kichuguu ulikuwa na madini ya risasi kiasi ambacho, Steven aliandika pembeni kwa wino mwekundu, hata kuku asiachwe achakure hapo. Ya pili ni barua kwa Marselino kumtaka azungushe uzio na kuwaonya wanawake. Ya tatu ilikuwa jibu lake, na Redempta aliisoma kwa sauti.

"'Udongo wa gereji yangu hauna madhara yoyote kwa binadamu. Wanawake wa hapa wameula tangu kabla sijafika na wanaendelea kuula mbele ya macho yangu, wala hakuna aliyedhurika. Naomba nisisumbuliwe, kwa kuwa siku hizi kila mwananchi ameruhusiwa kufanya biashara yake.' Ametia sahihi, tarehe kumi na nne Mei. Adela alikufa lini?"

"Januari mwaka huu," alisema Steven. "Alishika mimba Juni au Julai."

"Na wewe ulipoipata barua hii ulifanya nini?"

"Niliiweka jaladani."

"Halafu?"

"Halafu ikakaa jaladani, afande."

Redempta alimwangalia mpaka kijana akainamisha uso.

"Nani mwingine anayajua haya?"

Steven alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha. "Nilikwenda matangani kutoa pole. Mama yake Adela akanivuta pembeni akaniuliza, mwanangu, udongo unaweza kuua? Kaburi lilikuwa bado bichi. Nilishindwa kumdanganya. Nilimwambia yote, hata ya barua."

"Mama yake Adela ni nani?"

"Kumbe hujui?" Steven alishangaa. "Si Mama Coleta, mpishi wa pale pale gereji."

* * *

Ijumaa saa moja asubuhi moshi ulikuwa ukitoka katika kibanda cha jikoni cha gereji. Mama Coleta alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, kichwa amekifunga kitambaa cheusi cha msiba. Kando yake palikuwa na jiwe la kusagia. Upande mmoja wa jiwe palikuwa na unga wa ulezi. Upande wa pili, juu ya kigae, palikuwa na vipande vidogo vya udongo vilivyokaushwa motoni.

"Shikamoo mama," alisema Redempta, Calvin nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Uji bado haujaiva."

"Uji wa leo tutauchukua sisi, mama."

Coleta aliutazama mwiko wake, akaugeuza mara mbili zaidi ndani ya sufuria, kisha akavuta kuni moja nje ili moto upungue.

"Nilijua atakuja mwanamke," alisema. "Wanaume wenu wamepita hapa mara tatu. Wamekiegemea kile kichuguu, wameomba maji ya kunywa, wameondoka. Nikasema hawa, hata ningewawekea kibao, wangekitundikia kofia."

Calvin aliivua kofia yake polepole.

"Umetia nini humu, mama? Huna lazima ya kunijibu. Ukinijibu, nitaandika na kitasomwa mahakamani."

"Andika. Ulezi, sukari, na udongo wake."

"Kiasi gani?"

"Kijiko kimoja. Adela alikuwa anakula kipande cha kidole kila siku, kwa miezi mitano. Mimi sikumzidishia hata chembe. Nimemtendea haki."

"Umeanza lini?"

"Wiki iliyofuata matanga."

"Na wale wanawake wengine walioacha kuchimba?"

"Niliwaachisha mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba, Leonia, Dominika, wote niliowajua. Kazi hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya wenye majalada. Lakini wenye majalada walikuwa na shughuli."

"Ulitaka Marselino afe?"

Coleta aliwaza kwa makini, kama mtu anayeulizwa idadi ya mbegu za shamba.

"Nilitaka ajue. Tumbo linavyosokota mtu mpaka anauma shuka. Mikono inavyolegea, unashindwa kushika kikombe, mama yako anakunywesha na wewe ni mtu mzima. Adela alikuwa ananiambia, mama, nimewakosea nini watu? Alidhani amerogwa. Amekufa anadhani kuna jirani anamchukia." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Baada ya matanga nilikwenda kwa Marselino nikapiga magoti. Sikumshtaki. Nilimwambia, bosi, weka hata miiba pale, useme tu kwamba udongo ule umemuua mwanangu, wengine wasikie. Akaniambia, Mama Coleta, udongo haujawahi kuua mtu, nenda kapike. Basi nikaenda, nikapika."

Uji ulichemka mara moja, ukatulia.

"Basil anajua?" aliuliza Redempta.

"Mkwe wangu amebeba chupa tu. Msimguse. Amepata yake."

"Utafungwa, mama."

"Na yeye?"

"Inategemea atakachosema."

Coleta alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akamwaga maji juu ya moto. "Basi twende akaseme."

* * *

Walimkalisha Coleta kwenye benchi la ukumbini na askari wa zamu kando yake. Redempta aliingia wodini na Calvin na daktari, akavuta kiti, akaiweka chupa ya uji juu ya kabati la mgonjwa.

"Tumempata anayekulisha," alisema. "Ni Mama Coleta. Amekiri."

Marselino hakuelewa mara moja. Alipoelewa, shingo yake ilivimba.

"Yule bibi! Nimempa kazi miaka minne! Amenitilia nini?"

"Udongo wa kichuguu chako. Hakuna kingine. Kijiko kimoja kwa siku."

"Mleteni hapa nimtemee mate."

"Ngoja. Nina shida moja, na wewe tu ndiye wa kunisaidia." Redempta alitoa barua ya Mei na kuifungua mbele ya macho yake. "Sahihi hii ni yako?"

Marselino aliitazama, akatazama dirishani.

"Ni yangu."

"Humu umeandika kwamba udongo wako hauna madhara kwa binadamu. Kama ndivyo, Mama Coleta amekutilia udongo katika uji. Ni uchafu, ni utovu wa adabu, lakini si sumu, na saa hizi nitamwambia aende nyumbani akapumzike. Kama ni sumu, nitamfikisha mahakamani. Lakini ikiwa ni sumu, basi ni sumu tangu ulipoandikiwa, na wewe uliwaacha wanawake waile. Una haki ya kunyamaza. Ukisema, yataandikwa, na yanaweza kutumika juu yako. Umenielewa?"

"Unanitega."

"Nimekusomea haki yako mbele ya daktari. Ukinyamaza, wakili wake ataisoma barua hii mahakamani, na sijui kama hakimu atamfunga mtu kwa udongo ambao mwenyewe umeuandikia sifa."

Marselino alifumba macho. Nje mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika ukienda na kurudi chini ya dirisha. Calvin alishika kalamu bila kuisogeza. Daktari alitazama viatu vyake.

"Akipatikana na hatia," alisema Marselino bila kufumbua macho, "anakaa gerezani?"

"Miaka mingi."

"Atafia humo?"

"Ana umri mkubwa. Inawezekana."

"Na Msukuma?"

"Msukuma anatoka leo, useme usiseme."

Marselino alifumbua macho. Yalikuwa mekundu, na ndani yake hakukuwa na hesabu yoyote tena, chuki tupu.

"Basi ni sumu," alisema.

"Rudia. Koplo anaandika."

"Ni sumu! Udongo wote wa kule nyuma ni sumu, mimi nilijua, na bibi yule naye alijua, na amenilisha kwa makusudi! Andika! Aoze gerezani!"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu barua ya bwana afya. Hata ng'ombe wa yule Msukuma walikufa kwa kuulamba."

"Uliwaona wanawake wakichimba?"

"Niliwaona. Dirisha la ofisi yangu linatazama pale."

"Adela ulimwona?"

Marselino alimeza mate. Alikuwa ameshavuka, na alijua ameshavuka, lakini hasira ilimsukuma kama gari lisilo na breki kwenye mteremko.

"Alikuwa anakaa pale kila saa sita, na kijiko chake."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

Calvin aliandika mpaka mwisho, akasoma yote kwa sauti. Marselino alikubali kila mstari, na kwenye jina la Coleta alitaka liandikwe kwa herufi kubwa. Ilipofika kutia sahihi, vidole vyake havikuweza kushika kalamu. Redempta aliufungua wino, akauinua mkono uliolegea, akakibonyeza kidole gumba mwenyewe, taratibu, mara moja kwa kila karatasi. Daktari alitia sahihi ya shahidi.

"Bwana Marselino, kuanzia sasa uko chini ya ulinzi. Askari atakaa hapo mlangoni. Koplo, nenda kituoni, mfungulie Masanja. Umsomee maelezo haya yote kabla hajatoka getini."

"Yote, afande?"

"Anza na pale pa ng'ombe kulamba. Aseme mwenyewe kama kuna neno limepungua."

Ukumbini, Coleta alikuwa ameketi vile vile, mikono mapajani. Hakusimama.

"Amesema?"

"Amesema, mama."

"Nisomee. Mimi sikusoma."

Redempta aliketi kando yake kwenye benchi na kusoma, bila kuruka kitu. Alipofika penye kijiko, mwanamke alishusha pumzi. Alipofika penye "sikumwambia kitu", alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyehakikishiwa jambo alilolijua siku nyingi.

"Jina la mwanangu limo?"

"Limo. Mara tatu."

"Nionyeshe."

Redempta alimwonyesha. Coleta aliweka ncha ya kidole chini ya jina la kwanza, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akaenda kwenye la pili, kisha la tatu. Wauguzi walipita na toroli la dawa, naye hakuinua uso. Alipomaliza alisimama na kunyoosha mikono yake miwili mbele, tayari kwa pingu.

"Haina haja, mama. Tutatembea tu."

"Ngoja kwanza. Yule daktari yuko ndani?"

"Yuko."

"Mwambie amponye," alisema Coleta. "Amponye kabisa. Nataka ayarudie hayo akiwa amesimama kwa miguu yake, mbele ya watu."